Mazishi ya Dakika Kumi na Mbili

Pedi za breki ndizo zilizoniponza. Kama zingelika taratibu, kama pedi za treni yoyote yenye adabu, ningeisaini ripoti yangu Jumatano ile na kwenda zangu nyumbani.

Kazi yangu ilikuwa kulinganisha. Dodoma ilikuwa imefikisha watu milioni saba na ilitaka reli ya kuuzunguka mji wote, treni arobaini na nane, na Mamlaka ya Treni za Mzunguko ilinikabidhi machaguo matatu na swali moja: lipi litatugharimu kidogo zaidi kwa miaka arobaini? Si bei ya kununulia. Mama yangu aliwahi kununua jiko la bei chee pale soko la Majengo, likala mkaa gunia kwa gunia, mpaka siku moja akalipiga teke likiwa na moto wake na ugali juu. Taaluma yangu yote ni hiyo: kujua jiko litakula mkaa kiasi gani kabla hujalipiga teke. Unahesabu kununua, kuendesha, kutengeneza, na mwisho kabisa kuondoa.

Chaguo la kwanza lilikuwa treni za madereva, watu wenye mishahara, likizo na pensheni. La pili, reli yenye macho: vihisi kila baada ya mita mbili, treni haina mtu wala akili, reli yenyewe ndiyo inayoona. Ghali kuijenga, na vumbi letu la Agosti huyapofusha macho hayo kila mwaka. La tatu, nakala.

Nakala zilichukuliwa kutoka kwenye kichwa kimoja. Mayunga Katunge, dereva wa miaka thelathini na moja bila ajali, alichorwa ubongo wake wote, uzi kwa uzi, siku tisa kabla figo hazijamuua. Mchoro ukahifadhiwa, wakauita nakala mama. Kutoka kwake wakatoa kadi, kila moja ukubwa wa kipande cha sabuni, wakaichomeka kadi kwenye treni, na treni ikaendesha kama Mayunga: breki laini, kona bila kumwaga chai ya mtu. Treni kumi na mbili za namna hiyo zilikuwa mwaka wa sita kwenye njia ya majaribio, mjini hadi Kikombo. Kadi hailali, haistaafu, haigomi. Ikifika miezi thelathini "inachoka," ndilo neno la kampuni iliyoitengeneza, na fundi anaifuta na kumimina nakala mpya. Dakika nne.

Kwa shilingi za leo, madereva walitoka bilioni elfu tisa na mia nne. Reli yenye macho, elfu nane na mia tisa. Nakala, elfu sita na mia moja. Hapakuwa na mashindano. Mtoto wa darasa la tatu angeisaini.

Lakini pedi. Katika kila treni, kuanzia mwezi wa ishirini na sita, pedi za breki zilianza kulika mara mbili ya kawaida, na zililika mahali pamoja, kilomita ya thelathini na moja, kati ya Ihumwa na Kikombo. Pale hapana kituo. Hapana kivuko wala mteremko. Mchambuzi mvivu angeandika "uchovu" na kufunga faili. Mimi si mvivu, na huo ulemavu umenigharimu zaidi ya uvivu wowote.

*

Karakana ya Ihumwa ilikuwa chini ya Fundi Shemhilu, Msambaa mwembamba mwenye sauti kama msasa.

"Dada Seche, umekuja kukagua pedi au kunikagua mimi?"

"Pedi kwanza. Wewe ukiuzwa chuma chakavu hatupati hata nauli."

Akacheka, akanifungulia picha za kamera ya mbele ya treni namba saba. Namba saba ilikuwa mwezi wa ishirini na nane. Kamera ya treni hutazama reli. Ndiyo kazi yake. Nikaiona reli, nguzo, vichaka vya mikambala, reli. Halafu kwenye kilomita ya thelathini na moja treni ikapunguza mwendo, na kamera ikageuka kushoto.

"Inaangalia mbuzi," alisema Shemhilu.

"Mbuzi gani?"

"Kuna mbuzi pale. Zote huwa zinaangalia. Namba tatu, namba kumi, zikikaribia kuchoka tu. Kampuni wanasema nisijali, zitafutwa."

"Isogeze karibu."

Akaisogeza. Mbuzi walikuwepo kweli, wawili. Walikuwa wanakula majani pembeni ya kaburi la saruji lililopakwa chokaa, na juu ya saruji mtu aliandika kwa kidole kabla haijakauka: MAYUNGA KATUNGE, DEREVA.

Nililijua lile kaburi. Nililikalia.

Itabidi nieleze, kwa sababu vijana wa siku hizi mazishi yao ni ya simu. Mimi ni Mgogo. Mayunga, niliyemfahamu tangu mwaka wangu wa kwanza kazini, alikuwa Mnyamwezi. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya pembe, na mtani akifa, wewe ndiye mwenye msiba wa aina nyingine: unavaa nguo zake, unaigiza mwendo wake, unamtukana mbele ya wajane wake, na hakuna wa kukununia. Zaidi ya hapo, una haki ya kuzuia. Ukikaa kaburini ukasema hazikwi mtu hapa mpaka nilipwe, basi hazikwi mtu. Siku ile niliingia shimoni nikiwa nimevaa kofia yake ya kazi, nikapuliza honi kwa mdomo, nikasema, "Huyu mpagazi alibeba mizigo ya watu maisha yake yote, leo anataka abebwe bure?" Walinipa kuku na kanga. Nikatoka. Kofia niliondoka nayo. Ilikuwa bado inaning'inia nyuma ya mlango wangu.

"Fundi," nilisema, "kadi hizi, zinasikia?"

"Zina kinasa sauti cha dharura. Zikisikia bomba limepasuka, zinasimama."

"Na kusema?"

"Hazina mdomo. Zina matangazo kumi na manne ya kurekodi, basi. Milango inafungwa, milango inafunguliwa, hayo hayo." Akanitazama. "Dada, unataka kufanya nini?"

"Kukagua pedi."

*

Kesho yake saa nne asubuhi tulipanda chumba cha mbele cha namba saba, mimi na Shemhilu, kofia ya Mayunga kichwani kwangu. Kiti cha dereva kilikuwepo bado, kimefunikwa plastiki. Nyuma yetu abiria mia tatu walikuwa wanakwenda Kikombo na shughuli zao.

Nilisubiri tuipite Ihumwa.

"Mayunga," nikasema kwa sauti. "Mnyamwezi wewe. Hata kufa umeshindwa. Wenzako wakifa wanatulia, wewe unazurura na treni ya serikali."

Magurudumu tu. Kisha kwenye spika ya juu ikatoka ile sauti ya kurekodi, ya binti mchangamfu:

"Tafadhali usimsemeshe dereva wakati treni ikitembea."

Shemhilu alishika ukuta. "Hilo hutoka lenyewe," alisema upesi. "Likisikia kelele chumbani, hutoka lenyewe."

"Sawa. Na hili?" Nikavua kofia, nikaipeperusha mbele ya kamera ndogo ya dari. "Unaiona? Niliichukua siku ya kukuzika. Hukuwepo, ulikuwa na kazi ya kufa. Hairudi. Mtoto wa wapagazi, babu zako walibeba pembe mpaka Bagamoyo, na wewe unabeba Wagogo mpaka Kikombo bila ujira!"

Halafu binti akasema:

"Abiria, tunza mzigo wako mwenyewe."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti, maana ndivyo hasa Mayunga angenijibu, na kwa nukta mbili alikuwa hai na mimi nilikuwa msichana wa mwaka wa kwanza kazini, nimesimama Kikombo na chupa ya chai, natukanwa kwa honi. Kisha nikaona uso wa Shemhilu na kicheko kikanifia.

Tulikuwa tunapunguza mwendo. Kilomita ya thelathini na moja. Kamera ikageuka kushoto, taratibu, kama shingo.

"Unajua pale amelala nani?" niliuliza. Sauti yangu haikuwa ya utani tena.

"Hapa ni mwisho wa safari. Abiria wote mnaombwa kushuka."

Nyuma nikasikia abiria wanaguna. Mtu akagonga mlango wetu: "Oya, mwisho wa safari wapi, mbona porini?"

"Unajua wewe ni nani?"

Labda katika matangazo kumi na manne halikuwepo la kufaa. Nikamweleza, haraka, kama mtu anayemtapikia mwenzake habari mbaya: kwamba wako kumi na mbili. Kwamba kadi kumi na saba zilikwishafutwa kabla ya hizi. Kwamba kila moja huamka kama mtu atokaye usingizini, huchukua miezi ishirini na sita kujikusanya, hulisoma jina lake kwenye saruji, na baada ya miezi minne inafutwa, na anayefuata anaanza upya kulisoma. Kwamba mezani kwangu kuna ripoti ya treni arobaini na nane kwa miaka arobaini, na kwamba kufutwa huko ni mara mia saba sitini na nane, nimezidisha mwenyewe.

"Nikiiandika kweli," nilisema, "huenda wakawazima wote, hata wale ambao bado hawajaamka. Nisipoiandika mtaendelea. Mtani, unataka nini?"

Treni ilikuwa inatembea mwendo wa mtu wa miguu. Kaburi lilipita dirishani, mbuzi wakainua vichwa.

"Huduma hii imesitishwa," akasema binti. Ikakatika.

Shemhilu alinong'ona, "Halijaisha. Tangazo lile ni 'Huduma hii imesitishwa hadi mtakapotangaziwa tena.' Mashine hairuki maneno. Haiwezi."

"Huduma hii imesitishwa." Ikakatwa pale pale.

"Huduma hii imesitishwa."

Mara ya nne Shemhilu aliziba masikio.

*

Injinia Kokugonza, mkurugenzi wangu, alinisikiliza mpaka mwisho bila kugusa chai yake. Si mtu mbaya. Ningependa sana awe mtu mbaya.

"Umemweleza nani mwingine?"

"Fundi alikuwepo."

"Hamisha kaburi," alisema. "Familia tutaifidia. Kadi isipoliona, haitajua, na pedi zako zitapona."

"Injinia, tatizo si kulijua kaburi. Tatizo ni kwamba kuna wa kulijua."

Akasimama, akaenda dirishani. "Sechelela, mwaka jana wanawake kumi na mmoja walijifungulia barabarani kutoka Zuzu kwa kukosa usafiri. Wawili walikufa. Majina yao ninayo kwenye droo. Reli ya macho hatuwezi kuianza kabla ya miaka tisa, fedha hakuna. Madereva, vivyo hivyo. Nakala tunaanza Januari. Hao wa Zuzu wako kwenye jedwali lako?"

"Wako."

"Na umewapa thamani gani kwa kila mwaka tutakaochelewa?"

Nilimtajia. Nilikuwa nimewahesabu kwa uaminifu kama wengine wote.

"Basi na Mayunga mhesabu," alisema. "Hiyo ndiyo kazi yako. Weka gharama yake, tuone mezani. Mimi sitakufutia mstari hata mmoja."

Na hapo nilifanya kosa ambalo mtu asiyesomea kulinganisha asingelifanya. Niliamini kwamba gharama ikiandikwa kwa ukweli wake wote, itajitetea yenyewe. Nilidhani bei ni hukumu.

Safu ya mwisho ya jedwali ni ya kuondoa: kukata vyuma, kuuza chakavu, kufukia betri. Nikaongeza mstari. Nikaandika: *Mazishi ya nakala, 768.* Nikaweka jeneza, sanda, ng'ombe, usafiri wa ndugu kutoka Tabora, turubai, mchele, fungu la watani. Milioni sita kila moja, na sikubania. Nilimzika Mayunga mara mia saba sitini na nane kwa heshima ya mtu mzima mwenye nyumba yake. Chini yake nikaeleza kwa kurasa kumi na mbili nilichokiona na kukisikia kilomita ya thelathini na moja. Nikajumlisha.

Bilioni nne na milioni mia sita na nane. Kati ya bilioni elfu sita na mia moja.

Hata na mazishi yote hayo, nakala zilikuwa rahisi kuliko kitu kingine chochote.

Nilijumlisha tena, nikitafuta sifuri niliyoisahau. Haikuwepo. Kikao cha Bodi kilichukua nusu saa. Mwenyekiti, mzee mpole mwenye miwani ya dhahabu, alisema ripoti yangu imemgusa sana, kwamba ni mara ya kwanza utu wetu wa Kiafrika kuingizwa kwenye jedwali la uhandisi. Mjumbe mmoja alifuta machozi. Wakapitisha chaguo la tatu, pamoja na mstari wangu, kwa kauli moja.

Nilikuwa nimewapa sabuni ya kunawia mikono.

*

Mazishi ya kwanza yalipangwa miezi miwili baadaye, namba saba ilipotimiza miezi thelathini. Mamlaka iliyafanya kwa ratiba. Kuitoa treni njiani kungeongeza gharama, kwa hiyo treni ya saa mbili na dakika arobaini asubuhi ingesimama kilomita ya thelathini na moja na abiria wake ndani. Kadi ingechomolewa, izikwe kando ya kaburi lile, kadi mpya ichomekwe, safari iendelee. Dakika kumi na mbili. Waliniandikia barua, na muhuri, wakiniteua mtani rasmi, na posho ya siku.

Niliipokea. Usiku huo nilikaa na ripoti yangu mwenyewe, ukurasa wa sabini na moja, kwenye kiwango cha hasara ya njia ikisimama: milioni mia nne kila saa. Tofauti kati ya nakala na reli yenye macho nikaigawa kwa mia saba sitini na nane, kisha nikaigawa kwa kiwango hicho. Nilikagua mara tatu. Kama kila mazishi yataichelewesha njia kwa saa tisa na dakika sita, nakala si rahisi tena.

Asubuhi nilivaa kofia.

Walikuwepo watu kumi na wawili hivi. Injinia Kokugonza. Mwenyekiti na miwani yake. Shemhilu, kadi mpya kwenye mfuko wa shati, hajanyoa. Bi. Kalunde, mjane wa Mayunga, aliyeletwa kwa gari la Mamlaka na kila mwezi hupokea kitu kidogo kwa ajili ya kichwa cha mumewe. Jeneza lilikuwa la mninga, zuri, lingeweza kumtosha paka, ingawa shimo walilichimba la mtu mzima. Namba saba ilikuja polepole, kama kawaida yake, ikasimama. Njia ile ni moja. Nyuma yake, moja baada ya nyingine, treni nyingine zingesimama pia.

Shemhilu alipoinua mguu kupanda, nikaingia shimoni, nikakaa.

"Hazikwi mtu," nikasema. "Sijalipwa."

Walicheka. Walikuwa wameelezwa kwamba ndivyo ilivyo desturi. Mwenyekiti alitoa bahasha, akapigwa picha nayo, akaniinamia. "Mtani, pokea. Liko kwenye bajeti."

"Halitoshi."

"Unataka ngapi?"

"Nataka nakala mama. Niiweke humu, tuifukie, tumalize. Mtu mmoja, kaburi moja."

Kicheko kilikoma kwa awamu, kama taa zinavyozimwa kwenye nyumba kubwa. Injinia Kokugonza ndiye aliyeelewa kwanza. Akaangalia saa yake, akanitazama, na nikaona midomo yake ikigawanya.

"Kwa saa ngapi?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Tisa. Na dakika sita."

"Mle ndani kuna watu, Sechelela."

"Najua."

"Kuna wanaokwenda hospitali."

"Najua, Injinia. Niliwahesabu." Na ndivyo ilivyokuwa. Mgonjwa anayecheleweshwa alikuwa na mstari wake, ukurasa wa sabini na mbili. Dirishani alikuwepo mama mmoja, kashika kichwa kwa mikono miwili, anapiga kelele kwamba mumewe hapumui vizuri. Jua lilikwisha kuwa kali. Bati la treni lilianza kulia. Namkumbuka mama yule kuliko ninavyomkumbuka Mayunga, na sijawahi kujifanya kwamba sikumsikia.

Zilipita dakika hamsini. Mwenyekiti alipiga simu tatu. Polisi walikuwa njiani kutoka mjini, lakini barabara ya Kikombo mnaijua. Kwa desturi, mwenye msiba ndiye anayembembeleza mtani, kwa hiyo wakamsukuma Bi. Kalunde mbele. Alisimama ukingoni mwa shimo, mwanamke mkubwa wa kanga mbili.

"Mtani wangu," alisema, "watu hawa wameniambia ni kibao tu. Kibao cha kuendeshea. Ni kweli wewe umeongea naye?"

"Nilimtukana, mama. Akajibu."

"Alisemaje?"

"Asiamshwe tena."

Alifikiri. Niliona anaihesabu pesa ya kila mwezi. Ana haki, ana wajukuu. Kisha akavua viatu, akakaa ukingoni, miguu ikaning'inia karibu na bega langu. "Mara ya kwanza ulituondokea na kuku," alisema. "Safari hii usinunulike kwa kuku."

Injinia Kokugonza alimgeukia Shemhilu. "Fundi. Panda. Chomoa."

Shemhilu hakusogea. Alikuwa anaitazama treni.

"Milango inafunguliwa," ilisema sauti ya binti mchangamfu, na milango yote ya namba saba, mabehewa yote sita, upande wa kaburi, ikafunguka kwa pamoja. "Hapa ni mwisho wa safari. Abiria wote mnaombwa kushuka."

Wakashuka. Hasira kwanza: vumbi, matusi, simu hewani. Wanaume wanne walimbeba mume wa yule mama wakampakia kwenye gari la Mwenyekiti, na dereva akaondoka bila kuuliza ruhusa. Sikujua kama walifika. Waliobaki walisogea shimoni kuona ni kichaa gani aliyewakwamisha. Mbele yao alikuwa bibi mmoja mwenye kapu la zabibu, mkavu, mgongo wima.

"Mbukwenyi," alitusalimia Kigogo. "Nani kafa?"

"Mnyamwezi, bibi," nikamjibu.

"Mnyamwezi!" Akaangalia jeneza la paka, akawaangalia wenye suti, akaniangalia mimi na kofia yangu. "Na wanataka kumzika bila kutulipa?"

"Bibi, mtani mmoja anatosha kisheria," alianza Mwenyekiti.

"Sheria ya nani?" Akalitua kapu. Akageuka nyuma, akaita kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, kwa Kigogo, neno moja na jingine, na katika watu mia tatu wale wa Ihumwa na Kikombo nikaona vichwa vinainuka, kimoja, vitano, arobaini. Nusu ya Dodoma ni watani wa yule mtu. Sikuwa nimeliweka hilo kwenye jedwali.

Kwa mbali treni ya pili ilisimama nyuma ya namba saba, kamera yake ikageuka kushoto.

"Huduma hii imesitishwa," lilisema tangazo, likakatika.

Nikasogea shimoni kumpisha bibi akae.